Safari ya Kutazama Mapango ya Noeli



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za safari ndefu, za watu waliokwenda Roma, au Namugongo, au Bagamoyo. Safari yangu mimi haikuwa ndefu. Nalitoka kwetu Kituntu asubuhi, nikarudi kesho yake jioni. Lakini katika siku hizo mbili naliona nchi yetu ya Karagwe imewekwa juu ya meza, na ng'ombe mmoja mdogo wa chuma akanifundisha jambo ambalo ilinipasa kulijua kabla sijaanza kuwafundisha wengine. Kwa hiyo nimeona vema kuwaandikia.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwanzoni mwa Majilio Padre alitoa agizo katika vigango vyote: kila kigango kifanye pango la Noeli kwa mikono ya watu wake, wala kisinunue kitu dukani, si karatasi ya kung'aa, si mtoto wa plastiki. Mapango yote yaletwe parokiani siku moja, yapangwe ukumbini, watu wayatazame. Kisha kila kigango kichukue lake, kilirudishe nyumbani kwa usiku wa Noeli. Basi sisi wa Kituntu tukakusanya watoto wa mafundisho, tukachimba udongo wa mfinyanzi, tukafanya kazi juma zima baada ya masomo. Nami nalisimamia kazi hiyo. Nasema hili mapema, ili makosa nitakayoyataja msiyahesabu kuwa ya watoto.

Siku ya safari mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ukungu ulikaa mabondeni kama maziwa katika kibuyu, na vilele vya vilima peke yake vilionekana. Naliliweka pango letu ndani ya tenga, nikalifunika kwa majani ya mgomba, vijana wawili wakanisaidia kulibeba kwa zamu. Pikipiki zilikuwapo, lakini nani angethubutu kupakia Familia Takatifu ya udongo mbichi juu ya pikipiki katika utelezi ule? Tukaenda kwa miguu, tukapita kati ya migomba na mibuni, tukashuka bondeni na kupanda tena. Watu waliokutana nasi njiani waliuliza, "Mmebeba nini, Mwalimu?" Nikawajibu, "Bethlehemu." Mama mmoja akafunua jani, akachungulia, akacheka sana. Hakuniambia amecheka nini. Nalikuja kujua baadaye.

Tulipofika ukumbini tukakuta meza ndefu zimepangwa pande zote, na juu yake mapango kumi na sita. Nataka kuwaeleza machache kwa taratibu, maana kazi ile ilistahili kutazamwa kwa taratibu.

La kwanza lilitoka katika kigango kilicho karibu na mabwawa. Wao hawakufanya pango la mawe. Walifanya banda la mafunjo, la namna ile wanayojenga wavuvi, na sakafuni wakatandaza mkeka uliosukwa kwa nyuzi nyembamba kiasi kwamba ukindu mmoja haukuzidi upana wa uzi wa kushonea. Mbele ya banda walikuwapo wavuvi wawili badala ya wachungaji, na mmoja alikuwa ameinama akitoa maji katika mtumbwi wake kwa kata. Ile kata ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Lakini ukiitazama karibu, ilikuwa imetobolewa ndani, si kibonge cha udongo tu. Nikamwuliza binti aliyeifanya ametumia nini kuitoboa. Akaniambia, "Mwiba wa mchungwa, Mwalimu. Wa kwanza alivunja kata nane." Nikapenda jinsi alivyomlaumu mwiba.

La pili lilikuwa nyumba ya msonge, namna wazee wetu walivyojenga, imeezekwa kwa nyasi toka kileleni mpaka chini. Lakini waliikata nusu, kama mtu akatavyo boga, ili uone ndani. Ndani palikuwa na nguzo, na mafiga matatu yenye masizi ya kweli, na vibuyu vya maziwa vimetundikwa, na nyasi zimetandazwa sakafuni kama ilivyo desturi. Bibi mmoja mzee alisimama mbele ya nyumba ile kwa muda mrefu. Kisha akanyosha kidole, akasema kibuyu kimoja kimetundikwa upande usio wake. Vijana wakakihamisha pale pale. Yule bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Nalifikiri moyoni: nyumba za namna hiyo watoto hawa hawakulala ndani yake hata siku moja, lakini sasa wanajua mahali pa kibuyu.

La tatu lilionyesha soko. Bethlehemu yenyewe ilikuwa pembeni, katika banda la ng'ombe, na watu wote wa soko walikuwa wameligeuzia mgongo. Kulikuwa na muuza ndizi na mikungu yake, fundi cherehani akishona, mwanamume amelala chini ya lori la mbao akitengeneza kitu, na mama akibishana bei ya maharage, mkono mmoja kiunoni. Mtu mmoja tu alikuwa amegeuka kutazama banda, mtoto mdogo mwenye kuku kwapani. Aliyefanya kazi hiyo hakuweka maandishi ya kuieleza, wala hayakuhitajika.

Baada ya kuyaona hayo nikarudi kutazama la kwetu. Hapo nikajua mama yule wa njiani alicheka nini. Kuku wetu alikuwa mkubwa kama punda. Punda naye alikuwa mbuzi mwenye masikio marefu, maana watoto wetu hawajamwona punda, nami sikuwaeleza vizuri. Mtakatifu Yosefu, kama angesimama wima, kichwa chake kingetoboa paa. Na Mtoto Yesu alikuwa amemzidi ng'ombe kwa unene.

Seremala mmoja wa parokia aliniona nikihuzunika, akaja kunisaidia bila kunicheka. Akaniambia, "Mwalimu, kosa si mikono ya watoto. Kosa ni kwamba hamkuwa na kipimo kimoja." Akanieleza kanuni yake, nami naiandika hapa kwa faida ya baba na mama watakaotaka kufanya kazi hii na watoto wao. Mtu akinyosha mikono yake miwili, toka ncha ya vidole hata ncha ya vidole, ni pima moja; na pima hiyo karibu ni sawa na kimo chake mwenyewe. Pima moja ni mikono minne, na mkono mmoja ni shubiri mbili. Kwa hiyo katika pima moja mna shubiri nane. Basi ukiamua kwamba kila pima moja ya kweli itakuwa shubiri moja katika pango, umekwisha kupata kipimo cha sehemu moja kwa nane. Mtu mzima atakuwa na kimo cha shubiri moja. Nyumba ya pima tatu itakuwa shubiri tatu. Ng'ombe ambaye bega lake lina mikono mitatu atakuwa robo tatu ya shubiri, na pembe yake ya mikono miwili itakuwa nusu shubiri. Kuku atakuwa kama kidole gumba. "Shika kanuni hiyo," akasema, "na hata macho ya mtu yakikosea, shubiri haitakosea." Kisha akaongeza, "Lakini kwanza nenda ukampime ng'ombe mwenyewe. Usipime ng'ombe uliye naye kichwani."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kama mzaha. Mimi yalinichoma baada ya dakika chache tu, kama nitakavyowaeleza.

Katika meza ya mwisho, karibu na mlango, lilikuwapo pango la kigango kilicho mbali nasi upande wa pili wa bonde. Lilikuwa la kawaida, banda la miti na nyasi. Lakini ng'ombe aliyelala nyuma ya hori hakuwa wa udongo. Alikuwa wa chuma. Kiwiliwili chake kilikuwa chembamba na laini, shingo imeinuliwa, pembe zake ndefu zimepanda juu na kupanuka kama za ng'ombe wetu wa asili. Ila pembe ya kushoto ilikuwa imeinama karibu na ncha, ikielekea chini jichoni. Nalipoiona pembe ile moyo wangu ulishtuka, maana nalikuwa nimeiona zamani.

Watoto walikuwa wamemzunguka. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni ng'ombe wa Bweranyange?" Nikafurahi kupata jambo la kusema, nikawaeleza niliyosoma. Bweranyange palikuwa mji wa wafalme wa Karagwe, wa ukoo wa Bahinda. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 walifika huko Waingereza wawili, Speke na Grant, na mfalme Rumanyika akawapokea kwa wema mwingi. Grant aliugua mguu, akabaki kwa mfalme miezi kadhaa, mwenzake akatangulia kwenda Buganda. Ziwa dogo lililo chini ya kilima liliwapendeza wageni hao hata wakaliita kwa jina la ziwa la kwao Uingereza, Windermere Dogo. Mwaka 1876 alifika Stanley, naye akaonyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme. Aliandika kwamba aliona humo ndege wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na mifano ya wanyama wa porini, na ng'ombe wasio na vichwa, na mikuki ambayo hata mipini yake ilifuliwa kwa chuma. Tena katika vitu vya enzi vya wafalme hao walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu. Masimulizi husema kwamba Ndagara, baba yake Rumanyika, ndiye aliyewafua kwa mkono wake. Maana katika nchi zetu hizi mfalme na mhunzi walikuwa karibu, na nyundo na fuawe vilihesabiwa pamoja na alama za ufalme.

Nikawaambia pia kwamba ufundi huo haukuletwa na mgeni. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza habari za matanuri ya kale yaliyochimbuliwa kwa jirani zetu Wahaya, karibu na Ziwa Viktoria, yenye umri wa miaka 1500 hadi 2000. Wahunzi wa kale waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapata joto kabla ya kufika motoni, na kwa njia hiyo wakapata moto mkali sana na chuma kizuri. Watoto wakafungua vinywa. Nami nikaendelea kujisikia mwenye elimu.

Ndipo sauti nyuma yangu ikasema kwa upole, "Huyu si wa mfalme, Mwalimu. Huyu ni wetu."

Nikageuka, nikamwona baba yangu mdogo, amekaa kwenye benchi karibu na mlango, fimbo yake kati ya magoti.

Hapa inanilazimu kurudi nyuma. Baba mdogo ni mhunzi, kama alivyokuwa baba yake na babu yake. Miaka minane iliyopita alikuwa katika mafundisho ya ukatekumeni, na mimi nalikuwa mwalimu wake. Alikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote darasani, na mwenye bidii. Siku moja nalikwenda kiwandani kwake, nikaona mfuko wa ngozi umetundikwa juu ya mivukuto. Ndani yake mlikuwa na ng'ombe watatu wa chuma, wadogo, weusi kwa moshi, na mmoja wao alikuwa na pembe ya kushoto iliyoinama. Juma lile nalikuwa nimewafundisha habari za ndama ya dhahabu, jinsi Waisraeli walivyoiabudu chini ya mlima Sinai. Kichwa changu kilikuwa kimejaa ndama. Sikumwuliza neno. Jumapili baada ya mafundisho, mbele ya wenzake wote, nalisema kwamba anayetaka ubatizo hawezi kuweka sanamu za ng'ombe nyumbani kwake, na kwamba yeye ajuaye amezificha wapi azitupe. Watu wote walijua namnena nani.

Akazitupa. Alikwenda bwawani siku hiyo hiyo jioni, akazitupa. Lakini darasani hakurudi tena, na mwaka uliofuata akahamia ng'ambo ya bonde kwa binti yake. Mimi nalijiambia kwamba mbegu yake ilianguka penye miamba. Mtu akishindwa kutazama kosa lake, hupata upesi mfano wa Injili wa kumfunika.

Basi siku ile ukumbini nalimwamkia, nikakaa karibu naye. Akaitikia, kisha tukakaa kimya. Akaniita Mwalimu, wala hakuniita mwanangu. Mwisho nikauliza lile swali nililopaswa kuuliza miaka minane iliyopita. Nikasema, "Baba, wale ng'ombe walikuwa wa nini?"

Akasema, "Walikuwa ng'ombe."

Nikangoja. Ndipo akanieleza. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia nchi hii, ikaua ng'ombe wa Karagwe na wa nchi zote jirani, hata watu waliokuwa na mazizi makubwa wakabaki na fimbo mkononi. Babu yake alikuwa na ng'ombe watatu. Hawakuwa mali ya mfalme, walikuwa watatu tu, na kila mmoja alikuwa na jina. Wakafa wote katika siku chache. Baada ya kuwazika, yule mzee aliwasha moto, akawafua wote watatu kwa chuma, kila mmoja kwa umbo lake, ili watoto wake wajue walikuwa ng'ombe wa namna gani. Mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika kidogo alipokuwa ndama, ikaota kwa kuinama. Akamfua na pembe yake iliyoinama. "Hatukuwaabudu," akasema baba mdogo. "Hatukuwapa pombe wala damu. Baba yangu alinishikisha mikononi nilipokuwa mtoto, akanitajia majina yao. Nami naliwashikisha watoto wangu. Ni hayo tu."

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia siku ile?"

Akanitazama, akasema, "Ulikuwa Mwalimu, tena mtoto wa kaka yangu. Ulisema mbele ya watu. Ningekubishia mbele ya watu, ungebaki na heshima gani? Naliwatupa. Lakini kila nilipotaka kurudi darasani, nalijua nitaketi mbele ya mtu ambaye hakuniuliza."

Wasomaji wapenzi, sina jibu nililompa. Nalishika mkono wake, nikamwomba msamaha, nikalia. Watoto waliokuwa wakiuliza habari za Bweranyange wakaondoka taratibu.

Baadaye alinieleza jinsi alivyomfua huyu mpya. Mjukuu wake aliteuliwa kufanya pango la kigango, akamwambia, "Babu, ng'ombe wa udongo amepasuka, nifanyie wewe." Akachukua kipande cha springi ya gari bovu. Alikipasua ncha moja na nyingine kwa patasi kikiwa chekundu, akakunja vipande hivyo kuwa miguu. Pembe alizivuta kwa nyundo ndogo, mara kwa mara akirudisha motoni, maana kitu chembamba hupoa upesi na ukikipiga kikiwa kimepoa hukatika. Pembe ya kushoto ilimshinda mara tatu. Vidole vyake vilikumbuka uzito, lakini macho yalisahau mahali hasa ilipoanza kuinama. Usiku wa tatu akakumbuka kwamba alipokuwa mtoto alizoea kupitisha uzi katika kile kikunjo, na uzi ulisimama karibu na jicho. Ndipo akajua. Wawili waliobaki bado hajawafua. Anasema mmoja wao hamkumbuki vema, na hataki kusema uongo kwa chuma.

Neno hilo sijaacha kulifikiri. Mfano mdogo wa kitu ni ushahidi. Aliyeufanya anashuhudia kwamba amekitazama kitu chenyewe, amekizunguka, amekipima, amejua kibuyu hutundikwa upande gani na pembe huinama wapi. Akifanya bila kutazama, atapata kuku mkubwa kama punda. Na mtu aweza kukosea vivyo hivyo katika mambo yasiyo ya udongo. Mimi nalikuwa na mfano wa baba mdogo kichwani mwangu, nikauhukumu mfano huo, nikamwacha mtu mwenyewe.

Nilipokwisha kurudi nyumbani nalifungua Maandiko, nikaona jinsi nilivyosoma upande mmoja tu. Ni kweli ndama ya dhahabu ilikuwa chukizo. Lakini Mungu yule yule alimwonyesha Musa mlimani mfano wa hema takatifu, akamwagiza afanye vitu vyote kwa mfano huo. Alimjaza Bezaleli roho ya ufundi, afanye kazi ya dhahabu na fedha na shaba. Katika hekalu la Sulemani ile bahari ya kusubu ilikaa juu ya ng'ombe kumi na wawili wa shaba, watatu wakielekea kila upande wa dunia. Na nabii Ezekieli aliagizwa achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, aujengee boma na kilima na makambi ya maadui pande zote, na kikaango cha chuma kiwe ukuta kati yake na mji. Watu wayaone hayo, wajue yatakayowapata. Hilo nalo lilikuwa pango juu ya meza. Tena nyoka wa shaba aliyefanywa na Musa kwa amri ya Mungu, ndiye aliyevunjwa na mfalme Hezekia watu walipoanza kumfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mioyo ya watu. Hezekia alijua watu wanafanya nini ndipo akavunja. Mimi nalivunja kwanza.

Na hili pango la Noeli lilitoka wapi? Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa Greccio, kijiji cha milimani katika Italia. Yapata siku kumi na tano kabla ya Noeli alimwomba mtu mmoja wa huko, jina lake Yohane, atayarishe hori na majani makavu, na ng'ombe na punda walio hai. Maana alitaka kuona kwa macho yake jinsi Mtoto alivyolala katika umaskini. Watu wakaja usiku na mienge, Misa ikasomwa juu ya hori. Mwaka 2019 Papa Fransisko alikwenda Greccio, akaandika barua akiwahimiza Wakristo waishike desturi hiyo nyumbani mwao. Angalieni, Injili ya Luka haimtaji ng'ombe. Ng'ombe aliingia pangoni kwa maneno ya nabii Isaya, asemaye kwamba ng'ombe humjua bwana wake, lakini watu wa Mungu hawajui. Ng'ombe yule yupo pale kuwaaibisha wasiotazama. Mimi naliaibishwa naye.

Usiku wa Noeli kanisa letu la Kituntu lilijaa. Watoto walikuwa wamefanya pango upya kwa kipimo cha shubiri, na Mtakatifu Yosefu sasa aliweza kusimama ndani bila kuharibu paa. Nalikuwa nimemwomba baba mdogo atuazime ng'ombe wake, naye akamtuma kwa mjukuu, amefungwa katika kitambaa. Hakusema kama atakuja. Kabla ya Misa kuanza nalisikia fimbo mlangoni. Akaingia, akaenda moja kwa moja pangoni, akainama kwa shida, akamtazama ng'ombe.

"Mmemgeuza," akasema. "Upande wa pembe mbovu ndio uelekee kwa Mtoto. Ng'ombe huyu alipenda kulalia ubavu wa kuume."

Akamgeuza. Kisha akatafuta mahali pa kuketi, akaketi, akabaki mpaka mwisho wa Misa. Tulipotoka nje, watu wakipeana mikono, aliniambia, "Mwanangu, mafundisho bado ni Jumatano?"

Nikamwambia ni Jumatano. Hakusema zaidi, nami sikumsukuma. Jumatano ya kwanza hakuja, kwa kuwa mvua ilifunga njia. Jumatano ya pili alikuja, akaketi nyuma.

Enyi baba na mama, sotoka ile iliyowaua ng'ombe wa babu zetu ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekomeshwa duniani kote. Watoto wenu hawataiona, wala hawatajua ilichukua nini, msipowaambia. Basi Majilio yajayo keti na watoto wako, uchukue udongo, uwafundishe shubiri na pima. Mkimfanya ng'ombe, waulize wazee walimwita nani na alikuwa na alama gani. Na ukiona katika nyumba ya jirani yako kitu usichokielewa, uliza kwanza.

Mungu awabariki wote. Tuwaombee wakatekumeni wetu, na hasa wale walioondoka kwa sababu yetu.